Mwanafunzi Niliyemrudisha Nakivale

Kwa miaka mitatu niliwahudumia wanafunzi wa shule ndogo ya uigizaji hapa Mbarara, Uganda, vyumba viwili tu juu ya duka la maziwa. Kuigiza sikujua. Kazi yangu ilikuwa kuwatafutia pa kulala, kuwapeleka hospitali, kuwatafsiria wale waliotoka kambi za wakimbizi kama mimi, na kukaa nao mambo yanapowazidi. Mimi ni Mkongo wa Kivu ya Kusini na nyumbani nilikuwa mwalimu. Wanafunzi waliniita Mama.

Mmoja wao alikuwa kijana Mrundi wa miaka ishirini, aliyetoka kambi ya Nakivale. Alikuwa mwenye haya. Ukimsalimu alijibu akitazama viatu vyake, lakini akipewa maneno ya mtu mwingine, shingo ilinyooka na sauti ikajaa chumba. Tulimpangia kuwa mfalme katika mchezo wa kufunga mwaka.

Asubuhi moja mwalimu wao, Mganda mwenye roho nzuri, aliwaambia wakae sakafuni, wafumbe macho, kila mmoja arudi siku iliyomuumiza kuliko zote. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Kijana akaanza kusema kwa sauti ya kitoto:

"Baba, njia iko wazi. Hakuna mtu."

Akarudia, na akarudia tena, machozi yakimtiririka. Wenzake walipigwa na butwaa, kisha wakapiga makofi. Hata mimi niliweka birika chini nikapiga.

Makofi yaliisha, yeye hakuacha. Nikataka kumwendea, mwalimu akanizuia kwa mkono.

"Wacha alie, Mama. Hii ndiyo kazi yenyewe."

Nikamwacha. Nililipwa kwa ajili ya saa kama ile, nami nikaenda kumimina chai.

Siku tatu zilizofuata hakula wala hakusema na mtu. Siku ya nne nilikaa naye kwenye ngazi mpaka alipofungua mdomo. Alikuwa na miaka tisa siku yeye na wazazi wake walipokimbia nyumbani kwao Burundi. Baba yake alimtuma atazame barabara. Alitazama, hakuona mtu, akarudi kusema njia iko wazi. Baba akatangulia. Hawakumwona tena.

"Mama yako anajua?"

"Hapana. Sijawahi kumwambia mtu. Sasa nimewaambia watu kumi na wawili, wakanipigia makofi."

Aliomba nimpeleke kwa mama yake, na kesho yake tukaenda Nakivale.

Mama yake alikuwa shambani akipalilia maharage, rozari shingoni. Alimwona mwanawe alivyokonda, akatupa jembe. Tulipoingia ndani akanigeukia mimi.

"Mulimufanya nini mutoto wangu?"

Nilianza kueleza habari za shule na mazoezi, maneno mengi yasiyo na maana. Kijana akanikatiza. Alimwambia yote, amesimama wima katikati ya chumba, bila kulia.

Mama yake akaishika rozari yake. Nilisikia kuku wakiparura nje. Kisha akasema, "Najua. Siku ile nilikuwa nyuma ya mulango. Nilikusikia."

"Miaka hii yote, mama? Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa. Nilisema moyoni, akijua kama najua, hatanitazama tena usoni. Nikaona afazali ninyamaze." Akamshika mikono. "Ulitazama, hukuona mutu. Ulisema ukweli. Mutoto hasemi kitu kingine."

Ndipo kijana akalia, kilio tofauti na kile cha darasani, nami nikatoka nje nikawaacha.

Hakurudi shuleni. Nilimtumia ujumbe mara mbili. Mara ya pili alijibu kwamba kila akifumba macho anasikia makofi. Mwalimu aliumia sana nilipomweleza. Tukakubaliana kwamba hakuna mwanafunzi atakayeambiwa tena kuleta wafu wake darasani, na mimi nikawa nakaa ndani ya mazoezi badala ya mlangoni. Wanaokuja sasa wanafaidika. Yeye hakufaidika na chochote.

Nilimwona mwaka uliofuata katika soko la Isingiro, si mbali na Nakivale, akichagua mbegu za nyanya. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinisalimu kwa heshima, akauliza habari za wenzake mmoja mmoja. Mwishowe akauliza nani aliigiza mfalme. Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akasema huyo sauti yake ni ndogo mno kwa mfalme.

Nilimwambia mlango uko wazi akitaka kurudi. Aliposikia neno 'wazi' uso wake ulibadilika, na papo hapo nilitamani kulirudisha kinywani. Akanishukuru, akalipia mbegu zake, akaondoka akipita katikati ya mafungu ya ndizi.