Stuli Mbili za Mama Adventina

Mwaka sabini na tano, taifa zima lilipoambiwa lilime kufa na kupona, Bernadetta wa Nyakato alikuwa na vita vyake mwenyewe: stuli mbili za mninga. Mumewe, Bagenda, msimamizi wa zamu katika kiwanda cha nguo, alizichongesha kwa fundi zikae pembeni mwa makochi, mgeni apate pa kuweka kikombe. Masikini Bagenda. Aliamini kuwa meza ni ya kuwekea vitu.

Bernadetta alimwelimisha. Kwanza vikaja vitambaa vya kufuma, vyeupe, ambavyo alivichovya katika uji mwepesi wa muhogo na kuvianika juu ya mabakuli yaliyofudikizwa, mpaka vikakauka vimesimama kama kofia za maaskofu. Unga wa muhogo mwaka ule watu waliupangia foleni tangu alfajiri ili wale. Nyumbani kwa Bernadetta vitambaa vilishiba kwanza, binadamu wakafuata. Juu ya vitambaa yakaja maua ya plastiki, mbwa wawili wa kauri, chupa tatu za manukato zilizokwisha manukato, glasi sita ambazo hazijawahi kuonja maji, na simu. Simu yenyewe kiwanda kilikwisha kuitupa, haina hata waya, lakini Bernadetta aliifuta vumbi kila asubuhi kama mtu anayetarajia kupigiwa kutoka Ulaya.

"Mama Adventina, chai yangu niiweke wapi?" Bagenda aliuliza siku moja.

"Kwani goti lako lina kazi gani?"

Tangu siku hiyo Bagenda alikunywa chai sahani ikiwa gotini. Jirani yao Mwanaharusi alipokuja kutazama, alishika kiuno. "Shoga yangu, hapa hata nzi akitaka kutua aombe kibali!" Bernadetta aliyapokea maneno hayo kama sifa.

Nyumba aliyozaliwa, kule Kamachumu, haikuwa na stuli. Ilikuwa na nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni, zikinukia mvua, na aliyeketi juu yake alijua ameketi kwa watu. Hayo Bernadetta aliyaita ushamba. Tusimwonee, miaka ile kila mtu mjini alikuwa na jambo la kwao aliloliita ushamba, na wengine walipandishwa vyeo kwa ajili hiyo.

Sasa binti yake wa pekee, Adventina, alikuwa mwalimu, naye alipendana na mwalimu mwenzake wa Sengerema aitwaye Rwegasira. Barua ikaja kwamba Mzee Mutayoba, baba mdogo wa Rwegasira aliyemlea, anakuja kwa meli kutoka Bukoba kuleta posa.

"Mama," Adventina alisema, "huyu mzee akirudi bila kutamka neno, Rwegasira hatakwenda kinyume naye. Ndiyo itakuwa basi."

"Mwanangu, usiwe na wasiwasi," Bernadetta alijibu, akakoroga uji mwingine wa muhogo.

Mzee Mutayoba alifika Jumamosi asubuhi, miguu imevimba kwa kukaa usiku kucha kwenye benchi la meli, na hasira zake zikiwa zimevimba vilevile. Aliketi. Alitafuta pa kuweka kofia, akakosa, akaishika.

"Simu hii inafika Bukoba?" aliuliza.

"Haina waya, Mzee," Bernadetta alisema, akitabasamu.

"Ahaa. Kumbe ni marehemu. Poleni."

Chai ikaja, na sukari, sukari ya foleni! Mzee hakuigusa. Alizungumzia mvua. Alizungumzia migomba. Alizungumzia benchi la meli, kwa kirefu. Ilipotimia saa nzima bila posa kutajwa, Bagenda alimvuta mkewe ukumbini.

"Kahawa! Hujampa kahawa ya kutafuna!"

Kwa Wahaya, mgeni hupewa kwanza punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, kutoka mkononi mwa wenye nyumba. Kabla ya hapo hajafika. Ni mtu tu aliyekalia kiti chako. Na mzee aliyekuja kuomba mtoto, akanyimwa kahawa, amekwisha kujibiwa: hatukutaki.

"Siku hizi bado wanatafuna?" Bernadetta alinong'ona. "Na hicho kikapu cheusi cha kahawa ningekiweka wapi, juu ya simu?"

"Iko wapi ile aliyotuma mama yako?"

"Nilimpa Mwanaharusi. Akaikaanga, akaitwanga, akainywa."

Waliporudi, Mzee alikuwa amesimama, kofia kichwani.

"Basi, tunashukuru," alisema. "Stuli tumeziona."

Adventina, aliyekuwa mlangoni, alipiga magoti, yeye na cheti chake cha ualimu. "Tata, usiondoke. Kahawa hatuna. Mama aliigawa, hakujua. Hili ni kosa letu, si jibu letu."

Bernadetta alitamani sakafu ipasuke. Siri ya jikoni kwake imeanikwa sebuleni, na mwanawe mwenyewe! Mzee akaketi tena; huruma ilisaidia, na miguu nayo ilisaidia. Akatia mkono ndani ya koti, akatoa kifurushi cha jani kavu la mgomba: kahawa yake ya safarini.

"Nipe pa kuiweka, mwanangu."

Bernadetta aliruka kuwaokoa mbwa. Hakuwahi. Adventina alishika kitambaa kwa ncha zake, akakiinua na vyote vilivyokuwa juu yake, akakitua sakafuni. Glasi mbili zikaenda. Mbwa mmoja akabaki bila sikio. Mzee akakifungua kifurushi juu ya ubao mtupu wa mninga, akachukua punje moja, akamnyooshea mama mwenye nyumba kwanza.

Mgeni anamlisha mwenyeji nyumbani kwake! Kule Kamachumu jambo hilo lingesimuliwa mpaka kwa vitukuu. Bernadetta aliitazama punje, akamtazama mwanawe aliyekuwa bado amepiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili.

"Sasa," Mzee Mutayoba alisema, "nimekuja kuomba mtoto."

Ilimbidi ajibu huku anatafuna. Ilikuwa chungu, na mbele ya mkwe hakuna pa kutemea.