Sare ya Nyundo na Kifaru

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ananyoosha bodi za magari. Mtaani wanamwita Nyundo, na si kwa sababu ya kazi hiyo. Nyundo ni jina la ulingoni, la enzi zile akipigana ngumi za uzito wa juu, alipokuwa bado na kiuno. Gereji yake inatazamana na karakana ya mbao ya Kifaru, mpinzani wake wa tangu ujana. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa wamekaa barabara moja miaka yote. Cherehani yangu iko hapo hapo kwenye baraza ya gereji, kwa hiyo wivu wa mtu mzima yule naujua kama ninavyojua mshono wa suruali.

Mteja akiingia kwa Kifaru, shemeji hugonga bati kwa nguvu zaidi. Mteja akitoka na mbao, shemeji atasema zina mchwa. Kifaru akivaa shati jipya, naulizwa mimi, "Umemshonea wewe?" kana kwamba nimeuza nyumba ya ukoo.

Chanzo ni rekodi zao. Shemeji alishinda mapambano ishirini na moja, kumi na saba kati ya hayo kwa nokauti, akapoteza manne. Kifaru alishinda ishirini na tano na kupoteza mawili tu, ila nokauti zake ni tisa. Ukishaziweka rekodi hizo pamoja, basi umewasha moto.

"Ishirini na tano, sawa," husema shemeji, "lakini aliwapiga kina nani? Wengine walikuwa wanautafuta mlango wa kutokea!"

Kifaru naye, akiwa ng'ambo na msumeno wake, huwaambia wateja kwa sauti ya kutufikia, "Kugonga sana si kushinda. Hata bati linagongwa."

Walikutana ulingoni mara moja tu. Raundi kumi, pua zinavuja damu, na majaji wakatangaza sare. Tangu siku hiyo neno hilo ni mwiko nyumbani kwetu. Mimi ninayekula kwa kushona sare za shule nimezoea kusema "yunifomu" mbele ya shemeji. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi, na nyasi zenyewe ni mimi.

Mwaka huu klabu ya ngumi ikajengewa ukumbi mpya, na ukumbi ukahitaji jina. Shemeji akaanza kukosa usingizi.

"Shemeji," akaniambia siku moja, akiwa ameacha kugonga kabisa, "wajukuu zangu wananijua kama babu wa gereji. Nataka waone jina langu juu ya mlango ule, basi."

Nilimhurumia kweli. Kisha akaharibu mwenyewe. "Na yule mpasua mbao awe anapita chini yake."

Ijumaa ukaingia ujumbe wa mwenyekiti wa klabu. Shemeji akausoma kwa sauti: "Kamati imekaa. Kwa nyinyi wawili tumeamua sare. Njooni kesho asubuhi."

Nyundo ilirushwa, ikatua ndani ya ndoo ya rangi. "Sare tena! Uzee wote huu, bado sare!"

"Mwenyekiti ameniambia na mimi nije na futi ya kupimia," nikasema taratibu. "Labda anamaanisha yunifo..."

"Shemeji, usinitanie!"

Ng'ambo ya barabara msumeno nao ukanyamaza. Nikajua Kifaru kasoma ujumbe ule ule.

Kesho yake tukawakuta, Kifaru amenuna upande huu wa ukumbi, mwenyekiti anatabasamu upande ule. Mwenyekiti akaeleza. Ukumbi utapewa jina la mfadhili aliyetoa mabati, mtu ambaye hajawahi kuvaa glovu hata kwa mzaha. "Nyinyi wakongwe mtasimama mlangoni kupokea wageni. Ndiyo maana tukaamua sare. Koti jekundu, suruali nyeusi. Fundi huyu atawapima."

Shemeji alikuwa anautazama ule mlango, na mabega yake yalishuka nikayaona. Hata kugombana hakugombana. Hilo ndilo lililoniuma.

Mwenyekiti akaendelea tu. "Nami nitawatambulisha kwa wageni. Huyu ni Nyundo, mapambano yake kumi na kitu..."

"Ishirini na sita," akasema Kifaru.

"Eti?"

"Ishirini na sita! Kashinda ishirini na moja, kumi na saba kwa nokauti. Na lile la kumi na nne alipigana mkono wa kushoto umevimba, mvua inanyesha, watazamaji wamekimbia wote. Akamwangusha mtu raundi ya sita. Kama hujui, mwenyekiti, usimtaje."

Shemeji akakohoa. "Na huyu kashinda ishirini na tano," akasema, na safari hii hakuuliza aliwapiga kina nani.

Makoti mekundu waliyakataa wote wawili, wakamwachia mwenyekiti ayavae yeye. Lakini kwa kuwa futi ilikuwa shingoni mwangu, shemeji hakuweza kujizuia. "Tupime vifua basi."

Nikapima. Kifaru alimzidi vidole viwili. Nikaikunja futi upesi. "Sare," nikasema.

"Jaji kahongwa!" wakapiga kelele kwa pamoja.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika gereji akaiopoa nyundo yake kwenye ndoo ya rangi, akaipangusa kwa tambara, akageuka kunitazama.

"Lile pambano la mvua, shemeji. Watu walikimbia wote. Sasa yeye kajuaje raundi ya sita?"

"Sijui, shemeji. Labda alibaki."

"Alibaki!" Uso wake wote ukafunguka. "Alinifuata mpaka kule, akalowa, anihesabie ngumi zangu. Alikuwa ananionea wivu, shemeji. Miaka yote hii, alikuwa ananionea wivu!"

Akaniomba nisimwambie mtu. Kisha akavuka barabara, akaanza kuwasimulia wateja wa Kifaru.