Fimbo Zilizobaki Kibandani

Chanzo kilikuwa woga wangu. Siku zile maduka ya Lubumbashi yalikuwa yanaporwa, na mimi, muuguzi wa kituo kidogo cha afya, nilishtuka hata kifuniko cha sufuria kikianguka. Nikamwamuru sentinele, mlinzi wetu wa mlangoni, asipitishe panga, chuma wala rungu. Chochote cha kumpigia mtu kifungiwe kibandani kwake kwa kufuli.

Asubuhi moja wakaja wazee. Nilikuwa na karatasi ya kupima nani yuko katika hatari ya kuanguka: unamuuliza mzee kama anatumia fimbo, kisha unamtembeza hatua chache. Mimi sikuuliza. Niliona mikono mitupu, nikaandika: "Hatumii. Hatari ndogo." Walitembea wakishika ukuta, nikadhani wanatetemeka kwa woga kama mimi. Wazee tisa, fimbo hakuna hata moja! Nikajisifu kwamba mtaa wetu una miguu imara.

Ghafla risasi zikalia barabarani. Nikarukia mlango wa nyuma, nikaufungua, nikapiga kelele: "Kimbieni!"

Hakuna aliyeinuka.

"Mama Feza, weye uko na nguvu, nimeandika hapa! Toka!"

Bibi huyo, mkulima wa Kasungami, alinitazama kwa utulivu ulionitisha kuliko risasi.

"Dokta, tutakimbia na nini? Fimbo zetu zote ziko ku sentinele. Alisema ni weye njo ulikataza."

Nikachungulia dirishani. Sentinele alikuwa ameshakimbia, na ufunguo wa kibanda alikuwa nao mfukoni.