Sauti ya Bwana Harusi

Miaka ile vita vya ng'ambo ya mto vilipokuwa vinapoa na kuwaka tena, nilikuwa na chumba kimoja Kamembe, nyuma ya soko, nikihamisha kaseti za video kwenye DVD. Harusi ya saa tatu ilichukua saa tatu kuingia kwenye kompyuta, kisha nusu siku kugeuzwa iwe faili ambayo mashine za nyumbani zinaweza kuisoma, ndipo nikaichoma kwenye diski.

Wateja wengi walivuka daraja la mpakani kutoka Bukavu, ng'ambo ile ya vita, na wote walitaka picha na muziki. Sauti ya harusini kwetu ilikuwa takataka: jenereta, upepo, mtoto analia, mjomba hataki kuachia maikrofoni. Studio zote za mtaa wetu ziliiondoa tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka nyimbo, rumba kwenye dansi, nyimbo za ibada kanisani. Kazi hiyo tuliiita kusafisha. Kaseti nazo zilibaki kwetu, kwa kuwa mteja sasa ana diski, nasi tulizitumia kurekodi harusi za Jumamosi.

Mama mmoja muuza vitenge aliniletea kaseti ya harusi yake. Mumewe aliuawa katika vita vya pili vya kule kwao, binti yao akiwa bado ananyonya. Nyumba yao iliporwa hata picha za ukutani, kaseti ikapona kwa sababu dada yake alikuwa ameiazima.

"Papa, fanya muzuri," aliniambia, akiniita kama wanavyowaita kwao wanaume watu wazima. "Mutoto wangu hajaona papa yake."

Nikaifanya kwa moyo. Kwenye kaseti, bwana harusi alisimama kuwashukuru wakwe zake. Alikuwa na kigugumizi. Alikwama kwenye neno la kwanza mpaka wageni wakaanza kucheka, naye akacheka nao. Nilimwonea aibu. Nikaona si vizuri mtoto amkute baba yake akichekwa na ukumbi mzima, nikaifuta sauti yote na kuweka wimbo wa kwaya. Hata nikajiona mtu mwema. Diski ilipokuwa tayari nilifuta faili, maana kompyuta ilijaa, na Jumamosi nikateremka Bugarama na kaseti ile ile, nikarekodi juu yake harusi ya fundi wa mashine ya mpunga.

Jumatatu mama akaja na binti yake, msichana wa kama miaka saba ambaye mdomo wake haukutulia.

"Muzee, muko na batu ngapi ndani ya ile mashine?"

"Nyamaza, mama," mama yake akamwambia, jinsi kwao wanavyowaita mabinti. "Angalia."

Nikaweka diski.

"Ule njo papa?" msichana akauliza, kama yule ndiye baba yake.

"Njo yeye. Ona koti. Ilikuwa ya kuazima, mikono inaishia hapa!" Wakacheka wote wawili, mimi pia.

Kisha bwana harusi akasimama na maikrofoni, midomo ikaanza kucheza chini ya kwaya.

"Papa, punguza muziki kidogo. Tusikie."

Nikapunguza. Midomo ikaendelea kucheza, na nyuma ya kwaya hapakuwa na kitu.

"Sauti yake iko wapi?"

Ningeweza kusema kweli hapo. Badala yake nilisema, "Maman, kaseti ilikuwa ya zamani. Unyevu uliingia. Sauti ilikuwa imeshakufa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi unirudishie. Kuko muntu Bukavu anatengenezaka kaseti."

"Ilikatikia ndani ya mashine. Niliitupa."

Nilingoja anitukane. Alitikisa kichwa tu. "Njo vita," akasema. "Vita inakula kila kitu."

Binti alikuwa bado anatazama. "Maman, anasema nini?"

"Anashukuru bakoko, bazazi bangu. Anasema atanichunga."

"Na juu ya nini batu banacheka?"

Mama alisogeza uso karibu na televisheni. "Sikumbuki, mama. Siku ile nilikuwa naogopa sana."

Mimi nilikumbuka. Nilikuwa nimemsikia siku chache tu kabla. Alisema anamwomba Mungu watoto wao wachukue mdomo wa mama yao, kwa sababu wake ni kama gari lenye betri mbovu, hauwaki mpaka usukumwe. Alikwama mara nne ndani ya maneno hayo, na ukumbi ulimsubiri kila mara, kisha ukapasuka kwa kicheko. Na mtoto mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu, ameuliza. Lakini kumjibu kungekuwa kukiri kwamba sauti ilikuwepo. Nikainama, nikajifanya natafuta bahasha ya diski.

"Mungu akubariki, papa," mama akasema. "Umejikaza."

Waliondoka, msichana akiwa bado anauliza, sasa habari za lile koti, lilikuwa la nani na kama lilirudishwa.

Mwaka uliofuata nilihama, na tangu hapo nimehama mara nyingi, nikiikumbuka Kamembe kila mahali. Nimerudi mara mbili. Mara ya kwanza nilimwona mama yule kwa mbali, bado anauza vitenge, na kando yake msichana mrefu anabishana na mteja kwa sauti kubwa huku watu wakicheka. Nilisimama pale muda kidogo. Kisha nikazunguka wasinione, nikapita njia ya stendi ya magari. Mara ya pili sikufika sokoni kabisa.