Mkono Unaokausha Mutobe

Nilihukumiwa nikiwa na miaka saba, na hakimu alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke ambaye hadi leo akiingia nyumbani kwa mtu anapitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Ilikuwa kwetu Heru Juu. Wanawake walikuwa wanakamua mutobe, yaani juisi ya ndizi, kwa ajili ya wageni. Ndizi zilizoivishwa shimoni zinamenywa, zinatiwa kwenye hori la mti pamoja na nyasi, halafu zinafinyangwa mpaka maji yake yajitenge. Mimi na kiherehere changu nikatumbukiza mikono nisaidie. Juisi haikutoka. Walifinyanga mpaka jasho likawatiririka, wakapata uji mzito wa kumwagia nguruwe. Shangazi akanishika kifundo, akauinua mkono wangu juu watu wote wauone.

"Huyu ana mkono mkavu," akasema. "Asiguse tena."

Ikapita hiyo. Rufaa hakuna.

Sasa usidhani nilisahau. Mimi mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kasulu, nina diploma na miwani, lakini sijawahi kupanda hata mchicha. Bustani ya shule niliisimamia kwa mdomo. Kwenye misiba wenzangu wakikanda unga mimi nakimbilia kuosha vyombo. Nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi ilipopatikana nilisema waombe wenye mikono yao. Mume wangu alipohamia Manyovu kwa mwanamke anayebadilisha fedha mpakani, sikumlaumu yeye wala huyo mwanamke. Niliutazama mkono. Ujinga mtupu, najua. Ila ujinga ulioumeza ukiwa na miaka saba hautoki kwa kusomea ualimu.

Mwaka huu walimu tuliitwa kwenye semina ya utulivu wa akili. Mwezeshaji alitoka Dar es Salaam na viatu vyeupe pe. Vyeupe, Kasulu, kiangazi! Kufika saa nne vilikuwa na rangi ya matofali kama vyetu. Akatuambia tufumbe macho, tuvute pumzi, tuwe hapa, sasa. Nikajiuliza alidhani tuko wapi. Halafu akaanza kugawa karanga, nikafurahi maana chai ilikuwa imechelewa. Mama weee, kila mtu karanga moja!

"Iangalieni kama vile hamjawahi kuiona," akasema.

Sisi, ambao tumelima karanga kabla ya kuota meno ya pili! Tuiguse, tuinuse, tuitafune polepole, tusiwaze jana wala kesho. Akasema mengi tunayoamini kuwa ndivyo tulivyo tuliambiwa tu utotoni, na kwamba mtu akitulia, akaangalia kilichopo mbele yake, ataona kama ni kweli. Mwenzangu wa kiti cha jirani alikuwa ameshameza ya kwake zamani, akawa anatafakari kiganja kitupu. Tulicheka njia nzima. Kwa wiki mbili pale shuleni, mwalimu akichelewa kipindi tulisema bado yuko kwenye karanga.

Kisha binti yangu akapata mchumba.

Binti ni muuguzi Kibondo. Anawachoma sindano watoto wanaopiga mateke na mkono wake hautikisiki, lakini jikoni haingii. Maandazi ananunua kwa mama mmoja wa Kikongo sokoni, chakula anakula kwa mama ntilie. Mimi nilisema ndiyo vijana wa siku hizi.

Ukoo wetu una desturi yake. Siku wakwe wanapokuja rasmi, mama wa binti ndiye anayekamua mutobe wa kuwapokea, kwa mikono yake mwenyewe. Sisi ni walokole, pombe hatunywi, tunakunywa mutobe, ingawa mutobe ukikaa siku tatu wenyewe unasahau kuwa umeokoka. Wakwe wakikosa mutobe wa mama, wanajua hawatakiwi, na wanaweza kunyanyuka wakaondoka na posa yao. Nilikuwa nimepanga kudanganya. Shangazi angekamua, mimi ningesimama pembeni nimelowanisha mikono. Wiki ile ya kuja wakwe shangazi akaanguka na bodaboda, akavunjika mkono, ukafungwa plasta.

"Utakamua mwenyewe," aliniambia kwenye simu. Kisha akatia chumvi kwenye kidonda. "Mungu atusaidie tu."

Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi. Alhamisi nikapanda bodaboda kwenda Heru Juu. Nikakuta shangazi ameshaamuru shimo lifunguliwe, nusu ya ndizi zimetolewa na kumenywa. Ijumaa alikuwa anarudi hospitali kuangaliwa mkono, na kazi isingeweza kufanyika bila macho yake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkono wa plasta mapajani, majirani watatu wamemzunguka. Mimi nikapiga magoti mbele ya hori.

Nikafinyanga. Nikafinyanga tena. Ikawa uji. Nikaongeza nyasi, ukawa uji wenye nyasi. Majirani wakaanza kutazamana.

"Weye, mimi nilisema," shangazi akatamka kule kwenye kiti. "Nimesema miaka yote."

Kichwani nilimwona binti yangu amekaa na gauni lake jipya, wakwe wananyanyuka mmoja mmoja, na sababu ni huu mkono. Nilitaka kulia pale pale mbele ya watu. Na katikati ya aibu hiyo, kitu gani kikanijia? Karanga! Nilikasirika. Nikasema moyoni, haya bwana viatu vyeupe, ngoja niitafakari hii karanga yako, nione kama itawabakisha wakwe.

Nikaacha kufinyanga. Mikono nikaiacha humo humo, bila kumtazama shangazi. Nje kulikuwa na ute na nyasi zinazokwaruza. Lakini ndani ya huo ute vidole vilikuta mabonge. Nikalibana moja, likagoma. Nikalitoa nikaliangalia kweli, kama vile sijawahi kuona ndizi. Nje laini, moyo wake mweupe na mgumu. Nikalilamba. Ulimi ukakauka kama nimelamba chaki.

Nikanyanyuka na mikono yangu michafu, nikaenda shimoni, nikaupenyeza mkono chini ya majani, kwenye nusu iliyobaki. Pembeni kulikuwa na vuguvugu. Katikati kulikuwa baridi.

"Shangazi," nikasema, "ndizi hizi ni mbichi."

"Zimeiva. Hulioni ganda?"

"Ganda limeiva. Njoo uonje."

Hakuja. Jirani mmoja akachukua bonge, akaonja, akakunja uso. "Mbichi kabisa," akasema. "Zilihitaji siku moja au mbili zaidi. Hata malaika hakamui hizi."

Shangazi akaanza kuipangusa plasta yake, ambayo haikuwa na vumbi. Nikamsogelea. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi, maana yule mama mimi hunitetemesha hata akipiga chafya.

"Na siku ile, shangazi? Nilipokuwa na miaka saba. Shimo lilifunguliwa mapema?"

Majirani wakasogea karibu.

"Nilikuwa nasafiri na kwaya kesho yake," shangazi akasema. "Na wageni wa baba yako walikuwa wameshakaa sebuleni. Ulitaka niwaambie nini? Kwamba nimeharibu mimi?"

Alisema hivyo tu, bila haya, kama mtu anayeeleza bei ya maharage. Miaka yote hiyo! Mchicha, maandalizi ya misiba, cheo, hadi mume, vyote nilimlipia shangazi asiaibike mbele ya wageni wa siku moja. Nilimchukia mchana ule, sifichi. Hata chai yake nilikataa. Nikarudishia majani na udongo, nikawasha upya moto wa kuivishia pembeni ya shimo, nikalala hukohuko kulilinda. Ijumaa alipoondoka kwenda hospitali alitaka mtu alifungue achungulie kidogo. Nilikaa juu ya shimo.

Jumamosi alfajiri nikafungua. Nikamenya, nikapiga magoti, nikafinyanga polepole, mkono ukisikiliza ndizi na si kiti cha plastiki. Ikabadilika mkononi. Povu likaanza, kisha juisi ikajitenga, nyepesi, ya dhahabu, ikanipanda hadi kwenye vifundo. Nilipiga kigelegele peke yangu. Shangazi akachungulia dirishani, akarudi ndani.

Binti alikuwa ameingia jioni ya jana yake kutoka Kibondo. Nikamwita kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi. "Njoo mwanangu, weka mikono humu, usikie! Hori bado lina kazi."

Akaja, akasimama hatua mbili mbali, mikono ameificha kwapani.

"Mama, mimi tena? Nitakuharibia. Si ulisema nimerithi mkono wako?"

Nilisema. Nilisema jikoni nikicheka, nilisema mbele ya mashangazi, nilisema kila alipogusa unga. Shingo ikaniwaka moto. Nje kwenye barabara ya vumbi pikipiki za wakwe zilikuwa zimeanza kusikika, na nilikuwa na sababu kumi za kumwambia tutaongea baadaye.

"Huna mkono mkavu," nikasema. "Hata mimi sina. Ulikuwa uongo."

Akaniangalia mikono. Ni mtu wa kupima kabla ya kuamini, ndiyo kazi yake.

"Kwa hiyo hata yale maandazi ya darasa la tano? Yale yaliyogoma kuumuka, ukawaambia wageni wako ni mkono wangu?"

"Hamira ilikuwa imekwisha nguvu, mwanangu."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema leo.

"Siku ileile ya maandazi," nikasema.

Alikunja mikono ya gauni lake jipya, akapiga magoti kando yangu bila kuniangalia, akaitumbukiza mikono yote miwili ndani ya hori.