Matairi ya Kiti cha Nyuma

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, mama yangu alinigonga bega kutoka kiti cha nyuma akasema, "Simamisha." Tulikuwa tumefika Kansanga, mbele ya duka la dawa, na nilidhani kuna kitu anataka kununua. Alifungua mlango, akashuka huku ameshika paa la gari kwa mikono miwili, akaenda kukaa kwenye benchi la duka.

"Nitaenda na gari ya kukodi," alisema. "Wewe tangulia, umwambie dada yangu niko njiani."

"Mama, Ggaba si mbali. Tumebakiza kidogo tu."

"Hiyo kidogo ndiyo itanimaliza. Gari yako ngumu. Mara ngapi nimekuambia ngumu?"

Alikuwa ameniambia mara nyingi. Aliwaambia hata wageni, mbele yangu, wakati wa kunywa kahawa: "Gari ya mwanangu ngumu, wacha tu." Na mimi nilikuwa nikitabasamu. Nilizaliwa kambini, baba yangu alikuwa dereva wa malori ya jeshi, na katika Kiswahili tulichokulia, gari gumu ni gari lisilokufa njiani. Baba akisema kitu kigumu, amekisifu. Kwa miaka miwili nilikuwa nikipokea malalamiko ya mama nikiyahesabu kuwa pongezi.

Mama ana tatizo la mgongo. Pingili mbili za chini zimesogeleana, na kila mtikisiko unampata pale pale. Wiki tatu baadaye mjukuu wake, binti wa kaka yangu, angeolewa huko Bombo, na kwa desturi yetu sisi Wanubi, bibi mzaa baba hafiki harusini kama mgeni wa kawaida. Anapokewa mlangoni, na watu wanaangalia ameletwa na nani. Gari hili ndilo la kwanza kumilikiwa katika ukoo wetu. Baba aliendesha magari ya serikali miaka yote na akastaafu kwa miguu. Nilikuwa nimeshaahidi kwamba mama atashuka Bombo kutoka gari la mwanawe. Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi la duka la dawa, anamwita dereva wa kukodi.

Gari lenyewe ni la milango minne, lakini lilitengenezwa kwa ajili ya watu wapendao mwendo: springi fupi, rimu za inchi kumi na nane, matairi membamba ubavuni kama mkanda. Mwenye gari wa kwanza Kampala alilipenda hivyo, na mimi nilipolinunua nilipenda vile vile, kwa sababu linashika kona bila kuyumba na vijana wa Makindye wanaligeukia.

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Wauza nyama, wauza samaki, wanunuzi wa kahawa, wote huniletea mizani zao zikianza kudanganya. Sikusoma zaidi ya kidato cha pili. Mengine niliyasoma mwenyewe, katika vitabu vya mitumba na maelekezo yanayokuja ndani ya maboksi. Kazi hiyo imenifundisha kutoanza kutengeneza kabla ya kupima. Kwa hiyo jioni ile sikwenda kununua tairi. Nilijaza maji katika bakuli la bati, kilo moja kamili, nikaliweka kwenye kiti cha nyuma, mahali mama anapokaa, nikaendesha kutoka nyumbani Makindye hadi Kisugu kwa mwendo wa kawaida, nikayapima maji yaliyobaki. Gramu mia mbili na arobaini zilikuwa zimemwagika kitini.

Jambo la kwanza lilikuwa upepo. Kijana wa pancha alikuwa amejaza paundi arobaini kila tairi, kama anavyojazia magari yote, ya abiria na ya matofali. Kibandiko cha mlangoni kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu hazihitaji mkalimani. Nilikigeuza kipimo chao, nikapata paundi thelathini na mbili. Nikapunguza upepo, nikarudi na bakuli barabara ile ile. Safari hii zilimwagika gramu mia na tisini. Ilikuwa nafuu, lakini si nafuu ya kumpeleka mama Bombo.

Fundi wangu yuko Kisugu, Muganda wa umri wangu, ambaye hucheka kabla hujamaliza sentensi. Nilimwomba akague shokapu. Zilikuwa nzima. Nikamwomba aendeshe, mimi nikae nyuma.

"Nyuma?" alisema. "Ssebo, leo umekuwa mheshimiwa?"

"Endesha tu. Pita pale kwenye matuta."

Sikuwahi kukaa kiti cha nyuma cha gari langu. Dereva ana usukani wa kushika, anaona shimo kabla halijafika na mwili wake unajiandaa. Nyuma huoni kitu. Shimo linakupata ukiwa katikati ya neno. Kwenye tuta la tatu niliuma ulimi.

"Mheshimiwa amenyamaza," fundi alisema, akinitazama kwenye kioo.

"Geuza," nilimwambia. "Nimeelewa."

Tuliporudi gereji aliniambia alichokiona yeye. "Shida ni hizo limu zako kubwa. Mupila hauna nyama. Lakini ukivalisha gali kama hii limu ndogo, watu watakucheka. Itakuwa kama mwanajeshi amevaa ndala."

"Wacheke," nilisema. "Wao hawakai nyuma."

Jumatatu nilikwenda Kansanga kwa muuza matairi, Mkongo aliyetoka Bukavu, mtu mnene mwenye kichwa kisicho na unywele hata mmoja. Kampala nzima tairi huitwa mupira, na yeye alikuwa na mipira ya kila aina hadi barabarani. Alinipokea vizuri.

"Papa, karibu. Angalia hii. Hii iko ngumu! Ngumu kabisa! Unabeba mutu, unabeba mbao, unafika nayo Kongo na unarudi."

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu limesimama mbele yangu, limevaa shati. Neno ni lile lile. Kwake ngumu ni sifa ya kupandisha bei, kwa mama ngumu ni maumivu.

"Sitaki ngumu," nilimwambia. "Nataka laini."

Alinitazama, akatazama gari, akanitazama tena. "Laini?"

"Laini."

Aliingia ndani, akatoka akiviringisha tairi kuukuu lililokwisha kabisa, halina hata mstari. Akalipapasa, halafu akakipapasa kichwa chake.

"Hii hapa, papa. Laini kama mimi. Lakini polisi wakikukamata, hatujuane."

Watu wote waliokuwa pale walicheka, na mimi pia, ingawa nilichelewa kidogo. Katika biashara yake, laini ni tairi lililokufa. Nikaona kwamba maneno yote mawili yameharibika na hakuna litakalonisaidia. Nikachuchumaa kando ya gari langu, nikamwonyesha kwa kidole: hapa kuna mia mbili ishirini na tano, huu ni upana kwa milimita, hapa kuna arobaini, maana yake ubavu ni asilimia arobaini ya upana huo, yaani milimita tisini, na kumi na nane ni inchi za rimu. Nikamwambia nataka ubavu mrefu. Nataka mpira uwe mwingi na chuma kiwe kidogo, lakini tairi zima lisipungue kimo, ili kipima mwendo kisinidanganye.

"Aaa!" alisema, akapiga makofi. "Papa, sema hivyo. Unataka mupira ya mama mukwe!"

"Ya mama mukwe?"

"Kama uko unabeba mama mukwe, lazima ubavu. Akiumia kiuno, bibi yako, mutoto wake, anarudi kwao."

"Ni ya mama mwenyewe."

"Ya mama mwenyewe?" Akaacha kucheka. "Basi tuangalie muzuri."

Tuliangalia vizuri. Hesabu nilikuwa nimeshaifanya nyumbani: upana mia mbili na tano, ubavu hamsini na tano, rimu kumi na sita. Ubavu unafika karibu milimita mia na kumi na tatu, na tairi zima linapungua kimo kwa milimita tano tu. Aliniletea kwanza aina yenye nyuzi nyingi, ya kubebea mizigo, nikaikataa kwa sababu ubavu wake haukubali kukunjika. Urefu peke yake hautoshi kama ukuta wenyewe ni wa lori. Ya pili ilikuwa nzuri, lakini tarakimu nne za ubavuni, zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, zilionyesha kwamba imekaa dukani muda mrefu mno. Mpira ukizeeka unakauka, na ukikauka tumerudi pale pale. Ya tatu ilikuwa ya safari, ya kimyakimya, yenye namba ya uzito inayotosha gari langu na wiki ya karibuni. Niliibonyeza ubavu kwa dole gumba. Akanitazama kama mtu anayetazama mteja akichagua parachichi.

Sikulipa siku hiyo. Breki za mbele za gari hili ni kubwa, na rimu ndogo inaweza kugusa chuma cha breki. Niliazima kwake rimu moja ya inchi kumi na sita, nikaipeleka Kisugu, fundi akaifunga mbele na kuizungusha kwa mkono. Ilipita, na nafasi iliyobaki ilitosha kidole kimoja. Akaizungusha tena upande wa pili, ikapita.

"Imekubali," alisema. Safari hii hakusema habari za ndala.

Kesho yake nilibadilisha zote nne. Rimu kubwa na matairi yake sikuzirudisha nyumbani. Kijana mmoja wa Makindye alikuwa akizitamani tangu zamani, akazichukua siku hiyo hiyo na kunishukuru sana. Nikaweka upepo kama kibandiko kinavyosema, nikajaza bakuli, nikaenda Kisugu. Zilimwagika gramu sitini na tano. Nilirudia, nikidhani mizani yangu imeanza kudanganya. Sabini. Gari sasa linainama kidogo kwenye kona na linajibu usukani polepole kuliko zamani. Nililiona hilo tangu kona ya kwanza, na nilikuwa tayari kulilipia.

Mama sikumwambia kitu. Asubuhi ya harusi nilimfungulia mlango wa nyuma. Alikuwa na kanga mpya, na pembe moja ya kanga ilikuwa na fundo.

"Nimeshaweka pesa ya kukodi," alisema.

"Panda kwanza. Ukigonga bega langu, nasimama, na gari la kukodi nitakuitia mimi mwenyewe."

Alipanda. Mkononi alikuwa na kawa, kifuniko cha sahani cha ukindu cha rangi nyekundu na kijani, zawadi ya bibi harusi. Mzunguko wa mwisho ulikuwa haujaisha na sindano ilikuwa bado imening'inia. Alikishika kwa mkono mmoja, kwa mwingine ameshikilia juu ya mlango, kama kawaida yake. Tukateremka Makindye. Kwenye tuta la kwanza nilimwona kwenye kioo amefumba macho, akingoja. Tuta likapita. Akafumbua jicho moja.

Tulipita mjini, tukatoka upande wa kaskazini, barabara ikaanza kuwa na viraka. Nilikuwa nikisubiri bega langu ligongwe. Nilipotazama kioo tena, ule mkono wa mlangoni ulikuwa umeshuka. Alikuwa ameshika sindano, anashona. Alishona mpaka Bombo, juu ya viraka na mashimo, na hakujichoma hata mara moja. Bakuli langu la maji sitalitaja tena. Kipimo ni kile.

Alipokewa mlangoni kama inavyostahili. Wanawake walipiga vigelegele, na shangazi mmoja akauliza, "Umeletwa na nani?"

"Na mwanangu," alisema mama, akigonga paa la gari kwa kiganja. "Kwa gari yake. Ngumu!"

Nilimsogelea. "Mama, ngumu ipi hiyo?"

"Ya baba yako," alinijibu, akaingia ndani akiwa wima.

Fundo la kanga alilifungua mbele ya bibi harusi na kumpa zote, shilingi elfu mia mbili, nauli ya kukodi kwenda, kungoja na kurudi. Usiku nilikaa na kalamu. Matairi manne mapya: milioni moja na elfu arobaini. Rimu zilizotumika: elfu mia nne. Kutoka kwa yule kijana nilipokea milioni moja na laki tatu. Kwa hiyo nilitoa mfukoni elfu mia moja na arobaini, na familia haikulipa elfu mia mbili za kukodi. Petroli sikuiingiza, kwa sababu Bombo ningekwenda hata hivyo. Tulichookoa katika safari ya kwanza ni shilingi elfu sitini.