Nesi wa Kimbo alivyonifundisha sudo kwa kabati la dawa

Wakuu, salamu kwenu. Haya yalinipata mwenyewe na sijatia chumvi, ingawa yananiaibisha kidogo.

Naishi Thika. Nashughulikia kompyuta za kliniki moja ndogo kule Kimbo, Ruiru. Mafaili ya wagonjwa yako kwenye server ya Linux ambayo mara moja moja hugoma. Dawa yake ni command moja tu ya kui-restart, lakini inataka password ya root, ile inayofungua kila kitu, na hiyo nilikuwa nayo mimi peke yangu.

Nilikuwa najisikia sana, sitaficha.

Siku moja iligoma nikiwa Thika. Hadi nafika, mama mmoja mwenye homa alikuwa ameketi kwa saa mbili akingoja faili lake. Nikaona haya. Nikamwandikia nesi wa zamu, Sister Wairimu, ile password kwenye karatasi.

Akanirudishia.

"Haiya, hiyo sitaki! Siku kitu iharibike, mtasema ni nani?"

Akanipeleka kwenye kabati la dawa. Kila nesi ana key ya drawer yake pekee, na kila akifungua anasaini kitabu.

"Wewe nipe ya drawer yangu tu. Na mahali pa kusign."

Wakuu, hebu fikirieni. Huyu mama hajawahi kugusa terminal, na ameieleza sudo kuliko mwalimu wangu wa chuo! Unamruhusu mtu command moja, zingine zote zinabaki zimefungwa, na kila akiitumia jina lake linaingia kwenye log, kitabu cha server.

Nikaongeza mstari mmoja kwenye sudoers, ile orodha ya ruhusa, nikamwekea kitufe kwenye desktop: AMSHA FAILI.

Jumamosi moja nilikuwa kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yangu, upande wa Chania. Simu iko kwenye koti, koti liko kwenye gari, mimi niko kwenye sahani ya mukimo.

Kliniki ikaletewa msichana, mgonjwa wao wa siku nyingi. Yuko hoi, hawezi kuongea, na daktari ameshaandika sindano. Server ikagoma. Sister akabonyeza kitufe. Faili likafunguka: mwili wake huikataa dawa hiyo, ingeweza kumuua.

Wakabadilisha.

Jumatatu nikasoma log. Jina la Sister, command moja, mara moja.

Halafu nikaona kitabu cha kabati. Chini ya funguo za dawa, kwa mwandiko wake: "Key ya computer. Nimetumia, nimerudisha."

Nilidhani kushika funguo zote ndiyo kuwa makini. Siku ile zingekuwa kwenye koti langu.

Nyinyi mlioshikilia root peke yenu, ni nani anawangoja saa hii? Semeni hapa chini, bila kuona haya.